Sura ya Saba: Tela Moja, Taa za Nasaba Mbili

Tela halizeeki kwa mpigo. Kichwa cha lori huuzwa, kikaja kingine, na kingine tena, tela likabaki lile lile likifungwa nyuma ya kila mgeni. Taa zake nazo hufa moja moja. Ya kushoto imepasuliwa na lori lililokuwa likirudi nyuma bandarini, ya kulia imeingia maji, ya pembeni imeng'olewa na tawi. Dereva akifika Chalinze au Salgaa hununua iliyopo dukani, na siku hizi iliyopo dukani mara nyingi ni ya LED. Ndiyo maana ukikaa usiku kwenye foleni ya mizani, Vigwaza au Mariakani, hukosi kuona tela lenye wekundu wa kivivu upande mmoja na wekundu unaochoma macho upande wa pili. Hakuna aliyepanga liwe hivyo. Limejikuta tu.

Mwenye tela akianza kuingiwa na wasiwasi, swali lake huwa moja: hizi mbili zikikaa pamoja hazitagombana? Kwenye gereji atapata majibu mawili, yote ya uhakika. Fundi wa kwanza atamwambia balbu itavuta umeme wote, LED ife njaa. Wa pili atamwambia LED itaungua kwa sababu umeme wa balbu ni mkubwa. Wote wawili wamekosea, na kosa lao linafanana: wanadhani umeme husukumwa ndani ya taa kwa lazima.

Taa za tela zimefungwa sambamba. Kila taa ina njia yake kutoka waya wa moto hadi ethi, ile njia ya umeme kurudi, na kila moja hupata volti zile zile 24 za lori, au 28 hivi injini ikiwa inachaji. Kiasi cha mkondo kitakachopita huamuliwa na taa yenyewe. Balbu ya breki ya wati 21 huchukua karibu ampea 0.9. Taa ya LED inayofanya kazi hiyo hiyo huweza kuwa ya wati 3 tu, yaani takriban ampea 0.125. Ukizifunga waya mmoja, moja itakunywa yake nyingi na nyingine yake kidogo, wala hakuna itakayojua habari za jirani yake. LED iliyoandikwa volti 24, au ile ya volti 10 hadi 30 inayouzwa sana, haiumizwi na balbu hata kidogo.

Basi kama hazigombani, kwa nini suala hili limepewa sura nzima? Kwa sababu balbu haikuwa ikitoa mwanga tu. Ilikuwa kama yule mlinzi wa usiku ambaye kwa miaka yote, bila kuambiwa wala kulipwa, alikuwa pia akifagia uwanja na kufunga bomba linalovuja. Siku ukileta mlinzi mwingine, kijana na mwepesi, ndipo unagundua uwanja umejaa majani. Kazi hizo za pembeni ndizo zinazosumbua tela la mchanganyiko, na baadhi yake hata mafundi wazoefu hawazitambui.

Kazi inayojulikana zaidi ni ya indiketa. Flasha za zamani, vile vifaa vinavyoifanya indiketa ipepese, zilikuwa na bamba la metali mbili lililopashwa moto na mkondo wa balbu zenyewe: likipata moto linapinda na kukata umeme, likipoa linarudi. Bila mkondo wa kutosha halipindi, na indiketa huwaka moja kwa moja bila kupepesa. Flasha za elektroniki zilizokuja baadaye hazihitaji moto huo, lakini zimefundishwa kupima mkondo ili dereva ajue balbu ikiungua. Mkondo ukipungua kwa kiasi cha balbu moja, mapigo huongezeka maradufu. Ukitoa balbu ya wati 21 na kuweka LED ya wati 3, kwa flasha hiyo balbu imekufa. Ukibadilisha kulia ukaacha kushoto, kulia kunapiga mbio na kushoto kunapiga kwa adabu, na dereva atashinda akitafuta waya uliokatika ambao haupo.

Juu ya flasha nyingi za volti 24 kumeandikwa kitu kama "2+1" pamoja na 21W. Maana yake ni balbu mbili za kichwa na moja ya tela, kila moja wati 21. Mkondo wa ile moja ya tela ndio unaowasha taa ya pili ya kijani kwenye dashibodi, ile inayomwambia dereva kwamba indiketa ya tela nayo inafanya kazi. Tela likiwekewa LED, taa hiyo ya pili hunyamaza ingawa nyuma kunawaka vizuri kabisa. Madereva wengi huzoea ukimya huo. Wakishauzoea, hawatashtuka siku ambayo nyuma kumezimika kweli.

Dawa sahihi ni flasha inayokubali LED. Dawa inayouzwa sana kaunta za Gerezani na Kirinyaga Road ni rizista, kile kipande cha rangi ya dhahabu chenye mapezi, kinachofungwa sambamba na LED ili kule mbele kompyuta au flasha ione mkondo uliozoeleka. Kinafanya kazi, sikatai. Lakini tazama kinachofanyika. Kwa volti 28, rizista ya omu 33 hugeuza karibu wati 24 kuwa joto tupu. Kwenye indiketa inayopepesa, joto hilo hukatika nusu ya muda. Kwenye breki, dereva akishika pedeli dakika kumi katika foleni, rizista hutosha kuunguza kidole na kuyeyusha plastiki ya boksi la taa. Ifungwe kwenye chuma cha chasisi au isifungwe kabisa. Na hata ikifungwa vizuri, ina ubaya ambao haukuandikwa kwenye pakiti: LED ikifa, rizista bado inavuta mkondo wake, na kichwa kinaendelea kuamini kwamba taa ni nzima. Umelipa pesa kuondoa onyo ambalo mtengenezaji wa lori aliliweka kwa makusudi.

Kazi nyingine ya balbu ni ya uchelewaji, kama uchelewaji waweza kuitwa kazi. Uzi wa tangsteni lazima upate moto kwanza ndipo ung'ae, na hilo huchukua chini kidogo ya robo ya sekunde. Tuseme sekunde 0.2 kufikia mwanga wake karibu wote. LED huwaka papo hapo, kwa muda ambao jicho haliwezi kuupima. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 0.2 ni zaidi ya mita 4 za lami. Wauzaji wa LED hulipenda sana jambo hili, na ni kweli, ingawa dereva wa nyuma anayesinzia au anayechezea simu atakula mita nyingi kuliko hizo kabla mguu wake haujahama.

Kinachonihusu hapa ni jozi. Breki ya LED kushoto na ya balbu kulia haziwaki pamoja: kushoto kunaanza, kulia kunafuata. Kwa kitambo hicho kidogo, anayekuja nyuma anaona taa moja ikiwaka upande mmoja, na taa moja inayowaka upande mmoja akili yake imeizoea kuwa indiketa. Usiku kuna shida ya ziada. Taa mbili za nyuma ndizo zinazompa macho upana wa tela na umbali wake. Moja ikiwa kali kuliko mwenzake, ile hafifu huonekana kama iko mbali zaidi au ni ya chombo kingine. Kanuni Na. 48 ya Umoja wa Mataifa, ambayo malori ya Ulaya hutengenezwa kwa kuifuata, inataka taa zinazofanya jozi ziwe na mwanga unaolingana na rangi inayolingana. Haikatazi LED mbele na balbu nyuma, wala breki za LED na indiketa za balbu. Inakataa mapacha wasiofanana, na hapo naiunga mkono bila maswali.

Sasa tufike kwenye ethi.

Plagi ya kawaida ya pini saba ya volti 24, iliyo katika kiwango cha ISO 1185, huleta kwenye tela waya mweusi na wa kahawia kwa taa ndogo za kushoto na kulia, wa njano na wa kijani kwa indiketa, mwekundu kwa breki. Umeme wote huo, ukishafanya kazi, hurudi kwa waya mmoja mweupe kwenye pini namba 1. Waya mweupe ukilegea, umeme hutafuta njia kupitia kingpini na sahani inayobeba tela, lakini pale pamejaa grisi, kwa hiyo taa hucheza kila lori linapokata kona. Hilo kila fundi analijua. Lisilojulikana sana ni kinachotokea ethi inapokatika huko nyuma kabisa, ndani ya boksi moja la taa, hasa boksi ambalo fundi ametoa balbu ya breki akaweka LED na kuacha balbu ya taa ndogo kwa kuwa bado inawaka.

Ni mchana, taa ndogo zimezimwa, dereva anakanyaga breki. Umeme unaingia kwenye LED, unatoka, unafika kwenye kiungo cha ethi na kukuta waya umeoza. Pembeni yake, kwenye kiungo hicho hicho, kuna balbu ya taa ndogo. Unaingia humo kinyumenyume, unapita kwenye uzi wake, unapanda waya wa taa ndogo, unafika kwenye taa za pembeni na taa ya namba ambazo ethi yao ni nzima, na kupitia hizo unashuka kwenye chasisi. Je, njia hiyo ni ngumu? Hapana. Uzi wa balbu ukiwa baridi, ukinzani wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa uzi unaowaka, au hata chini ya hapo. LED inayoomba ampea 0.125 haihisi chochote. Breki inawaka vizuri. Utingo aliyesimama nyuma anapiga ubao wa tela: poa, twende.

Jua likizama, dereva anawasha taa ndogo. Waya ule uliokuwa mlango wa kutokea sasa umejaa volti 24 zake wenyewe. LED ya breki ina volti 24 upande wa kuingilia na volti 24 upande wa kutokea, na penye usawa umeme hautembei. Breki imekufa na taa ndogo imekufa, upande mzima wa tela giza, katika giza lenyewe la kuteremka Kitonga. Asubuhi fundi akiitwa, anakanyaga breki, inawaka. Anarudisha bisibisi mfukoni na kusema taa hazina tatizo.

Zingatia kwamba ugonjwa huu ni wa mchanganyiko peke yake. Boksi likiwa la balbu tupu, breki ya wati 21 ikijaribu kupita kwenye taa ndogo ya wati 5 ingeonyesha vituko mchana kweupe: breki inafifia na taa ndogo zinang'aa kila pedeli inapokanyagwa. Boksi likiwa la LED tupu, umeme usingeweza kurudi kinyume, kwa kuwa LED ni dayodi na hupitisha upande mmoja. Breki ingekataa kuwaka mchana na usiku, na mtu angeitengeneza. Ni pale LED na balbu zinapokaa boksi moja ndipo balbu humfichia LED siri ya ethi mbovu hadi usiku unapoingia. Kupima ni rahisi: dereva ashike breki, weka ncha moja ya mita kwenye ethi ya taa na nyingine kwenye chuma kisafi cha chasisi. Isomwe karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, ethi hiyo ibadilishwe. Kisha washa taa ndogo, pima tena.

Jambo hilo linagusa kazi kubwa kuliko zote ambazo balbu ilikuwa ikizifanya: kuupima waya kila siku. Kuna sababu fundi umeme wa zamani hutembea na balbu yenye nyaya mbili na hana haraka ya kununua mita. Mita haivuti mkondo wa maana, hivyo waya uliobaki unywele mmoja wa shaba bado utaisomea volti 24. Balbu huomba ampea yake karibu nzima, na waya mgonjwa hauwezi kutoa. Chukua waya wenye kutu iliyoongeza omu 10 tu: balbu ya wati 21 itabaki na mwanga wa theluthi moja hivi, kwa sababu mwanga wa balbu huporomoka haraka sana volti zikipungua; asilimia 10 ya volti hukata karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwenye waya huo huo LED itapoteza volti moja na kidogo, na kama ina saketi ya kusawazisha ndani yake, hutaona tofauti yoyote.

Wengine huona huu ni ushindi wa LED, na kwa safari ya leo ni ushindi kweli. Kwa tela linalopakia Dar es Salaam au Mombasa, penye hewa ya chumvi, ni ushindi wenye deni. Nyaya huendelea kuoza kimya kimya chini ya LED zinazong'aa. Na kwenye tela la mchanganyiko, balbu mbili zilizobaki ndizo pekee zinazosema ukweli kuhusu hali ya nyaya, na kwa sababu zinafifia ndizo zinazolaumiwa: "Balbu hizi mbovu, weka LED." Zikififia baada ya kuweka balbu mpya, usinunue taa. Nunua waya.

Kuna vijimambo ambavyo huonekana kama ushirikina. LED inayong'aa kidogo mno lori likiwa limezimwa, kama inayochungulia. Huo ni mkondo mdogo sana unaovuja kwenye plagi yenye unyevu, au mapigo mafupi ambayo kompyuta za vichwa vya kisasa hutuma kukagua kama balbu ni nzima. Balbu haiwezi kuonyesha mkondo mdogo namna hiyo, LED inauonyesha. Ajabu ni kwamba balbu moja ikibaki kwenye waya huo huo, LED zote hutulia, kwa sababu uzi baridi unameza mvujo wote. Mwenye tela hubadilisha taa moja baada ya nyingine kwa mwaka mzima bila shida, akitoa balbu ya mwisho kabisa tela linaanza kuchungulia usiku, na lawama inaiangukia taa ile ya mwisho.

Joto nalo lilikuwa na kazi yake. Balbu iliukausha umande ndani ya boksi. LED haina joto la kutosha, hivyo boksi lisilozibwa vizuri hukaa na maji. Watu wa nchi za theluji wanalia kwamba LED hazileti joto la kuyeyusha theluji iliyoganda juu ya kioo. Sisi tuna matope.

Yote haya hayanifanyi niipende balbu kuliko LED. Kwenye barabara za vumbi na makorongo uzi wa tangsteni hukatika kwa mtikisiko, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia mwenye malori arudi huko. Ninachopinga ni kubadilisha taa kwa mtindo wa kuziba pengo. Kubadilisha kunapaswa kwenda kwa saketi: breki zote za tela siku moja, indiketa zote siku nyingine pamoja na flasha yake, taa ndogo na za pembeni mwezi ujao pesa ikipatikana. Tela lenye breki za LED na indiketa za balbu ni la mchanganyiko, na halina ubaya, mradi kila taa ya LED imepewa waya wake wa ethi hadi kwenye chasisi badala ya kuchangia kiungo cha kutu na balbu. Ukiwa safarini na huna budi kuweka moja tu, weka balbu nyingine kama iliyokufa, au nunua LED mbili na uibadilishe hata ile nzima ya upande wa pili.

Nunua taa kamili ya LED, siyo kichwa cha LED cha kuchomeka kwenye tundu la balbu. Kioo na kiakisi cha boksi la zamani vilichorwa kwa uzi unaotupa mwanga pande zote. Kichwa cha LED hutupa pande chache, na taa huonekana kali ukiwa nyuma yake moja kwa moja na kuzimika ukisogea kando. Ukilazimika kutumia kichwa hicho, nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu. LED nyeupe huanza kama LED ya buluu, ile iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, kisha hupakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano. Wekundu ndani yake ni haba, na kioo chekundu kikishachuja, kinachobaki ni hafifu. Balbu, kinyume chake, imejaa wekundu, ndiyo maana kwake kioo kilitosha. Tazama pia tofauti kati ya taa ndogo na breki katika taa ile ile, kwani LED za bei ya chini mara nyingi huzifanya zilingane, na anayekuja nyuma hawezi kujua umekanyaga au umewasha.

LED isipowaka kabisa baada ya kufungwa, geuza nyaya kabla ya kuirudisha dukani. Balbu haijali chanya na hasi, LED inajali. Kagua breki mara mbili, taa ndogo zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa, huku mtu amesimama nyuma umbali wa hatua kama thelathini. Mwisho washa indiketa za kila upande, kisha za dharura, uhesabu mapigo kwa saa ya mkononi. Kanuni Na. 48 inataka yawe kati ya 60 na 120 kwa dakika. Yakitoka nje ya hapo ilhali taa zote zinawaka, tatizo liko kwenye flasha, na fundi asikubali kufungua taa ya nyuma hata moja kabla hajaitoa hiyo na kusoma kilichoandikwa juu yake.